Stenlesi kwa chuma cha kawaida, kasti kwa bamba, alumini kwa chuma: rodi 309, nikeli, brasi au bolti?

Fundi_Gungu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Niko Gungu, Kigoma. Nina kazi tatu karakanani na zote zina ugonjwa mmoja: kila moja inataka niunganishe metali mbili zisizo za ukoo mmoja. Naomba tulinganishe njia kabla sijawasha mashine, maana moja ya kazi hizi imeshanirudia, na mwenye nayo anaishi kwa mawese.

Kazi ya kwanza ni pipa la stenlesi, unene milimita 3, la kuchemshia chikichi. Linasimama kwenye miguu minne ya engo ya chuma cha kawaida. Mwezi uliopita niliichomelea miguu kwa rodi za kila siku, 6013 geji 12. Mshono ulilala vizuri, nikaupaka rangi. Wiki ya pili mguu mmoja ukaachia pipa likiwa na mzigo, ila moto ulikuwa umezimwa na hakuna aliyeungua. Nilipouangalia, ufa umepita katikati ya mshono kama biskuti iliyovunjwa. Chuma hakikujikunja hata kidogo. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu watoto wa mama mwenye pipa hucheza karibu nalo.

Ya pili ni mguu wa mashine ya kukamulia, kasti ya zamani, yaani chuma cha kumimina kwenye kalibu. Umepasuka karibu na shimo la bolti. Mwenyewe anataka nifunge ufa na niongeze bamba la chuma la milimita 10.

Ya tatu ni boti ya Kibirizi. Bamba la alumini linaloshika injini nyuma linatakiwa lishikane na mkono wa chuma. Mteja ametamka hivi: "Sitaki bolti, nataka vichomelewe viwe kitu kimoja."

Vifaa vyangu ni invata (mashine ya umeme ya kuchomelea kwa rodi) ya ampea 200 na mitungi ya oksijeni na asetilini. Sina tigi, ile mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni. Nisaidieni.

Chuma_ni_Chuma

Mkuu, unajisumbua. Mimi niko Kasulu, mwaka wa 12 sasa nachoma kila kitu kwa 6013. Tatizo lako ni moto mdogo. Panda mpaka ampea 110, mshono uzame, hautaachia.

Mwalimu_Karakana

Kaka wa Kasulu, kwa heshima, hapo utamwongezea tatizo. Nafundisha uchomeleaji hapa Tabora na kosa hili nimelirekebisha mara nyingi, kwa hiyo nitaeleza kwa hesabu.

Unapochomelea kwa rodi, mshono haubaki kuwa chuma cha rodi peke yake. Unachota pia kutoka kwenye vyuma viwili unavyounganisha. Tuseme unachota robo. Stenlesi ya kawaida, ile 304, ina kromi asilimia 18 na nikeli 8. Rodi ya 6013 haina kromi. Ukichota robo upande wa stenlesi, mshono wako unabaki na kromi kama asilimia 4 na nikeli 2. Hicho si chuma laini tena wala si stenlesi. Ni kitu cha katikati kinachokuwa kigumu chenyewe kikipoa hewani, kama chuma kilichochovywa maji kikiwa chekundu. Hakijikunji, kinavunjika. Ndiyo biskuti uliyoiona. Ukipandisha moto unachota zaidi, na mambo yanazidi kuharibika.

Sasa chukua rodi ya 309. Ina kromi kama 23 na nikeli kama 12. Ichote robo kutoka kwenye chuma cha kawaida na bado mshono unabaki na kromi 17 na nikeli 9. Angalia namba hizo: ni stenlesi kamili. Rodi hiyo ilitengenezwa ikiwa na akiba ya kupoteza. Rodi ya 308, ambayo ni ya stenlesi kwa stenlesi, haina akiba hiyo. Ikichota robo inashuka mpaka kromi 15 hivi na nikeli 7, ukingoni kabisa. Wengi huona imeandikwa "stenlesi" wakadhani inatosha.

Chukua 309L (ile 309 yenye kaboni kidogo) ya milimita 2.5, ampea 65 mpaka 75, tao fupi, mwendo wa haraka, usiyumbishe mkono sana. Mshono mdogo ulionyooka ni bora kuliko mpana. Na usitumie brashi wala diski iliyokwisha kugusa chuma cha kawaida kusafishia stenlesi. Inaacha vumbi la chuma juu, na baada ya siku chache pipa lina madoa ya kutu yasiyo yake.

Fundi_Gungu

Mwalimu, hesabu hiyo imenifungua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mshono unachota. Nilikuwa najua tu kwamba "309 ndiyo ya mchanganyiko", bila sababu.

Nyuki_Sikonge

Mimi natengeneza matangi ya asali huku Sikonge. Nakubaliana na mwalimu kuhusu 309, ila nina swali kabla ya rodi: kwa nini mguu ushikane na pipa kabisa?

Stenlesi inatanuka kuliko chuma cha kawaida. Kwa kila mita moja, joto likipanda nyuzi 100, stenlesi inaongezeka milimita 1.7 hivi, chuma 1.2. Pipa la kuchemshia linapata joto na kupoa kila siku, na kila siku linavuta miguu yake. Rodi ikiwa nzuri kiasi gani, umeufanyisha mshono kazi ya kuvutana maisha yake yote.

Kwangu tangi linakaa ndani ya fremu: pete ya chuma chini, miguu imechomelewa kwenye pete, chuma kwa chuma, 6013 yako hiyo hiyo. Tangi linaketi kwenye pete kama chungu kwenye kata. Vipande vitatu vya engo vinalizuia lisihame na vimeachiwa nafasi ndogo. Asali haina joto kama mawese, lakini fremu ndiyo ninayoiamini. Na siku tangi likitoboka unalinyanyua unalipeleka kutengenezwa, fremu inabaki.

Mwalimu_Karakana

Hiyo ni njia bora kuliko yangu kwa kazi hii. Nilijibu swali la rodi nikasahau kuuliza swali la umbo. 309 ibaki kwa vitu ambavyo havina budi kushikana, kama mkono wa kubebea au sikio la mfuniko.

MamaWaSimbo

Hamjambo wanangu. Mimi si fundi, nina mashine ya mawese huku Simbo. Nasoma kwa sababu pipa kama hilo ninalo, na bomba la kutolea maji ya moto limechomelewa hapo chini. Ni bomba la maji la kawaida, lile jeupe lililopakwa zinki. Kwenye kiungo stenlesi imefanya nyufa nyembamba kama nywele, mafuta yanatoka jasho. Fundi aliyeichoma aliumwa usiku ule, akasema ni malaria. Je, pipa limekufa?

Mwalimu_Karakana

Shikamoo mama. Pipa halijafa, ila kiungo hicho kikatwe chote pamoja na eneo lenye nyufa, kiwekwe kiraka cha stenlesi na bomba la stenlesi.

Sababu ni zinki. Inayeyuka kwenye nyuzi 420, wakati stenlesi inataka zaidi ya 1,400. Kwa hiyo fundi alipokuwa anachoma, zinki ilikuwa kama maji, ikajipenyeza kati ya chembe za stenlesi iliyokuwa moto na inayovutwa, ikaipasua. Nyufa za nywele ni alama yake. Anayetaka kuunganisha bomba la zinki na stenlesi lazima aiondoe zinki yote kwa grenda, sentimita kadhaa kutoka kwenye mshono, ndani na nje. Ndani ndiko wanakosahau.

Na huyo fundi, mpe pole yangu. Zinki ikifika nyuzi 907 inachemka na kuwa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa kadhaa baadaye unapata baridi, kutetemeka, kichwa, viungo vinauma, ladha ya chuma mdomoni. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku moja au mbili. Huku kwetu kila homa ni malaria, kwa hiyo mafundi wengi humeza dawa za malaria bila kupima. Nenda upime, na umwambie daktari ulichokuwa unachoma. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii moshi kuingia mapafuni. Kinachozuia ni kuondoa zinki, kufanyia kazi nje, na kusimama upande upepo unakotoka.

Chuma_ni_Chuma

Hapo kwenye homa umenigusa. Mwaka juzi nilitengeneza tangi la mabomba hayo siku nzima ndani ya banda. Usiku nilitetemeka mpaka mke wangu akaita jirani. Nilipima malaria, hakuna. Sikujua kamwe ilikuwa nini mpaka leo. Nimesoma na la 309 pia. Naomba kuuliza: nitajuaje chuma nilichonacho ni kipi? Mimi nanunua vyuma chakavu.

MzeeWaReli

Kijana, swali zuri kuliko yote. Nilifanya kazi karakana ya reli miaka mingi, sasa nimestaafu niko hapa Tabora. Tulikuwa na vipimo vitatu ambavyo havina gharama.

Sumaku: stenlesi ya vyombo, ile 304, haishiki au inashika kidogo sana. Lakini kuna stenlesi nyingine zinashika, kwa hiyo sumaku peke yake isikudanganye. Cheche za grenda: chuma laini kinatoa cheche ndefu nyeupe, kasti inatoa fupi nyekundu zinazokufa karibu na jiwe, alumini na shaba hazitoi kitu. Tatu, tindo: gonga ukingoni. Chuma laini kinanyoa gamba refu linalojikunja, kasti inabomoka vipande.

Sasa mguu wa kasti wa Fundi wa Gungu. Kasti ina kaboni asilimia 2 mpaka 4. Chuma laini kina robo ya asilimia au chini yake. Ukiweka 6013 kwenye kasti, kaboni inapanda kwenye mshono, na pale pembeni ya mshono panakuwa pagumu kama kioo. Unamaliza kazi, unaweka rodi chini, unasikia "ti!" Umeshapasuka. Sauti hiyo kila fundi wa kasti anaijua.

Njia ziko mbili za kweli. Ya kwanza rodi ya nikeli. Ya pili brasi kwa gesi. Mimi ni mtu wa brasi na sitaficha. Brasi inashika kwenye nyuzi 900 hivi, kasti yenyewe haiyeyuki, kwa hiyo kaboni inabaki mahali pake. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Chimba mfereji wa V. Kasti ya mashine ya mawese imekunywa mafuta miaka yote, ichome kwa moto mpole mpaka iache kutoa moshi, ndipo usafishe. Halafu sikiliza hili: usimalizie na grenda. Grenda inasugua kaboni laini na kuipaka juu ya uso kama penseli, brasi inateleza haishiki. Malizia na tupa ya mkono. Pasha mguu mzima polepole, weka poda ya boraksi, jaza. Ukimaliza uzike kwenye majivu makavu au mchanga uliopashwa, uache mpaka kesho. Kesho, si jioni.

Mwalimu_Karakana

Shikamoo mzee. Nakuheshimu, lakini kwa mguu huu mimi ningetumia nikeli. Mguu una uso uliochongwa kukaa kwenye fremu. Ukiupasha wote mpaka rangi nyekundu, uso ule unaweza kupinda, na mashine itakaa kombo. Kwa nikeli unachoma baridi: sentimita mbili au tatu tu, unagongagonga mshono kwa nyundo ya kichwa cha duara ukiwa bado wa moto ili uulegeze, unasubiri mpaka kiganja kikae juu yake bila kuungua, ndipo unaendelea mahali pengine. Na kwa kuwa anataka kuongeza bamba la chuma, rodi ya nikeli 55, yaani yenye nikeli asilimia 55, ndiyo iliyokusudiwa kuunganisha kasti na chuma. Ile ya nikeli tupu, asilimia 95 kwenda juu, ni laini zaidi na inafaa pale unapotaka kutoboa au kuchonga baadaye.

MzeeWaReli

Marahaba mwalimu. La uso kupinda ni kweli, nimewahi kuliona. Lakini rodi chache za nikeli zinakula bei ya pakiti nzima ya rodi za kawaida, na Kigoma huenda akazisubiri zitoke mbali. Mashine imesimama. Na mguu wa mashine inayotikisika mimi naupenda uwe na brasi. Bamba lisichomelewe kabisa, lishikwe kwa bolti nne za milimita 12 kupita pande zote mbili za ufa. Bolti ibebe mtikisiko, brasi izibe ufa.

MamaWaSimbo

Mzee shikamoo. Hiyo brasi isiguse mafuta. Sisi tulikuwa na bomba la shaba kwenye tangi, mafuta yakawa yanachacha haraka, wanunuzi wa Ujiji wakayakataa. Afisa mmoja alitueleza kwamba shaba, hata kidogo sana, inaharakisha mafuta kuharibika, na chuma chenye kutu pia kinachangia.

MzeeWaReli

Marahaba binti yangu. Umesema kweli na mimi nisingelikumbuka. Brasi ni shaba na zinki. Mguuni sawa, mafuta hayafiki. Ndani ya mashine, hapana.

Chumvi_Uvinza

Kuhusu bolti naomba niongeze kitu, maana huku Uvinza chumvi inatufundisha kwa nguvu. Metali mbili zikigusana na kukiwa na maji kati yake, moja inaliwa kuilinda nyingine. Chuma cha kawaida kikigusana na stenlesi, kinacholiwa ni chuma. Alumini ikigusana na chuma, inayoliwa ni alumini.

Lakini watu husahau ukubwa. Tulifunga trei pana la stenlesi kwa bolti ndogo za chuma cha kawaida. Bolti zililiwa vichwa haraka mno, kwa sababu uso mkubwa wa stenlesi wote unakula kile kichuma kidogo. Tulipogeuza, bolti za stenlesi kwenye bamba pana la chuma, zinakaa. Kwa hiyo kidogo kiwe ndicho kigumu kuliwa. Na ukipaka rangi, paka pande zote mbili. Ukipaka chuma peke yake, siku rangi ikikwaruzwa kidogo, ulaji wote unakwenda kwenye mkwaruzo huo.

Boti_Kibirizi

Mimi nafuatilia hiyo ya tatu. Mwambie mteja wako haiwezekani, hata mwenye tigi hawezi. Alumini inayeyuka nyuzi 660, chuma 1,500. Chuma kikianza kulegea, alumini imeshamwagika. Na hata ukizikutanisha zikiwa za moto, pale zinapochanganyika panazaliwa tabaka gumu linalovunjika kama kigae. Injini ikitikisika mara moja, limekwenda ziwani na injini juu yake.

Meli kubwa zenye mwili wa chuma na vyumba vya juu vya alumini zinatumia vipande maalumu vilivyobanwa pamoja kiwandani kwa nguvu ya mlipuko, upande mmoja alumini, upande mwingine chuma. Unachomelea alumini kwa alumini na chuma kwa chuma. Karakanani kwetu njia ni bolti.

Tena mwambie aiangalie meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaungwa hapa kwa ribiti. Ikazamishwa mwaka 1916, ikanyanyuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Ribiti si unyonge.

Mwalimu_Karakana

Lakini Liemba ni chuma kwa chuma, kaka, haikuwa na ugomvi wa metali mbili. Kwenye boti hii bolti peke yake haitoshi, lazima uzitenganishe.

Boti_Kibirizi

Sawa, hilo nalikubali. Na maji yetu si maji ya mvua. Tanganyika ina alkali, pH yake ni kama 9, na alumini haipendi alkali. Mimi naweka kipande cha plastiki kati ya alumini na chuma, bolti za stenlesi, na kila bolti inavaa koti la plastiki shimoni na washa ya plastiki chini ya washa ya chuma. Wengine wanaweka mpira wa tyubu. Niliacha, kwa sababu mpira mweusi una kaboni ndani, na kaboni nayo inaila alumini. Bomba jeusi la plastiki la maji, ukilipasua na kulilaza kwenye maji ya moto, linanyooka na kukupa bamba zuri. Hilo nalo ni jeusi, lakini kaboni yake ni kidogo mno kupitisha umeme.

Fundi_Gungu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Natoa taarifa.

Kwanza nilifanya jaribio kabla ya kugusa kazi ya mtu. Nilikata vipande vinne, viwili stenlesi na viwili chuma. Jozi moja nikaiunga kwa 6013, nyingine kwa 309 niliyoipata Mwanga, hapa mjini Kigoma, rodi sita tu. Nikaziacha zipoe zenyewe, nikabana kwenye jiriwa, nikapiga nyundo. Ya 6013 ilivunjika pigo la tatu, uso wa kijivu unaong'aa. Ya 309 ilijikunja mpaka pembe mraba bila ufa. Vipande vyote nimevitundika ukutani, kila kijana anayeingia kujifunza anavishika.

Pipa: nimefuata ushauri wa Sikonge. Pete na miguu ni chuma kwa chuma, pipa linaketi. Zile 309 nimetumia kwenye masikio mawili ya kubebea. Mama amechemsha mara nne, nimekwenda kukagua mara mbili, halijahama.

Mguu wa kasti: nikeli 55 haikupatikana mjini, nimefuata njia ya mzee. Nilichoma mafuta yakatoka moshi karibu saa nzima, sikutegemea kama yalikuwa mengi hivyo. Nilimalizia na tupa. Nilizika kwenye majivu jioni, nikafukua asubuhi, bado ulikuwa vuguvugu. Mwalimu alikuwa na haki pia: uso umepinda kidogo, nimelazimika kuweka karatasi ya bati chini ya kona moja. Mguu mwingine ukinijia, nitaagiza nikeli mapema.

Boti: mteja alikasirika kwanza. Nilimchukua mpaka karakanani, nikajaribu kuunga kipande cha alumini na chuma mbele yake kwa gesi, alumini ikamwagika sakafuni. Hakuongea tena. Bolti nane za stenlesi, plastiki kila mahali. Nimemwambia azikaze tena baada ya safari ya kwanza.

MamaWaSimbo

Fundi wa Gungu, nimefurahi. Jumamosi njoo Simbo na hizo 309 zilizobaki, uone bomba langu. Brasi iache nyumbani.